Pijo la marehemu: uchambuzi wa kisa cha familia moja ya Mombasa

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu Peugeot 504 ya aina ya stesheni wagoni, iliyoachwa na mzee mmoja wa Kisauni aliyeitumia miaka mingi kusafirisha abiria baina ya Mombasa na Malindi. Alipofariki aliacha mjane, wana wawili wa kiume, mabinti wawili na wajukuu ambao baadhi yao tayari wana watoto. Gari lilibaki uani chini ya mwembe, likiwa na magurudumu yaliyokwisha upepo na majani yaliyojaa katika mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, hadi mjukuu mmoja wa kiume, mwanafunzi wa umakanika, alipofungua boneti na kuamua kulifufua. Kazi hiyo ilikuja kuwahusisha watu wa vizazi vinne, ikakwama mara mbili, na mara zote mbili gari lenyewe lilikuwa linatengenezeka. Kilichokosekana ni mtu mwenye haki ya kusema, na akasikilizwa, kwamba hapa tukate na hapa tusikate.

Majina ya wahusika hayatatajwa, nao watatambulishwa kwa nafasi zao katika ukoo kama wanavyoitwa na yule mjukuu: bibi, ami mkubwa, ami mdogo ambaye ndiye baba wa mjukuu huyo lakini nyumba nzima humwita hivyo, na mashangazi wawili, mmoja wa Mombasa na mwingine anayefanya kazi Ughaibuni.

Kwanza gari, kwa sababu umbo lake liliamua mambo mengi yaliyofuata. Peugeot 504 ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, ikateuliwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969, na stesheni wagoni yake ikafuata mwaka 1970. Wasomaji wengi wa pwani wanaijua kwa jina la Pijo tu, na wapo wanaokumbuka kwamba magari haya yaliunganishwa hapa hapa Mombasa. Stesheni wagoni si saluni iliyoongezwa kisanduku nyuma. Umbali baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,900, ilhali wa saluni ni milimita 2,740. Ekseli yake ya nyuma ni moja nzima, nayo imekalia springi nne za duara, mbili kila upande, ili gari libebe safu tatu za viti na mizigo juu ya keria bila kuchuchumaa. Shafti inayopeleka nguvu nyuma imefungwa ndani ya mrija wa chuma uliounganishwa na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, na tutaona jinsi mrija huo ulivyofichua jambo ambalo hakuna aliyelitafuta. Tena gari hili halina chesisi ya kujitegemea kama lori: bodi ndiyo chesisi, na boriti za bati zilizo chini ya milango ndizo zinazozuia gari lisipinde katikati.

Jina la ugumu ambalo gari hili limejipatia nchini lilichangia kuipotosha familia. Ove Andersson alishinda mashindano ya Safari Rally ya mwaka 1975 kwa 504, na kwa abiria wa njia ya Malindi au Nairobi ushahidi wa karibu zaidi ulikuwa teksi zenyewe, zilizojazwa watu na mizigo kila siku na kesho yake zikarudi kazini. Mjukuu alilelewa na hadithi hizo. Alipoanza, aliamini kwamba injini ikinguruma gari litakuwa limepona, na imani hiyo ikampeleka moja kwa moja kwenye injini.

Injini ya petroli ya 504 ina usikivu kwa fundi mwenye subira. Slivu zake, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, huchomolewa na kuwekwa mpya bila kupeleka bloku kutobolewa, na hilo humwezesha fundi wa gereji ndogo kufanya kazi ambayo kwa injini nyingine ingehitaji karakana kubwa. Pistoni mbili zilikuwa zimeganda. Zilitolewa na kubadilishwa pamoja na slivu zake. Tatizo zito lilikuwa kwenye silinda hedi, ambayo ni ya aluminiamu ilhali bloku ni ya chuma. Njia za maji zilikuwa zimelika mpaka kingo za matundu zikawa na vishimo kama vya jibini, na fundi wa kwanza aliyeitwa alisema injini iliunguzwa kwa kuendeshwa bila maji. Bibi, aliyekuwa ameketi barazani akichambua mchicha, ndiye aliyemsahihisha. Mzee hakuwahi kuendesha gari bila maji hata siku moja, alisema, lakini tangu mifereji ya mtaa ianze kukauka alikuwa akijaza redieta kwa maji ya kisima cha uani, na bibi mwenyewe ndiye aliyemtekea. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi. Maji ya chumvi yanapokutana na aluminiamu iliyofungwa juu ya chuma, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Maelezo hayo ya dakika mbili yalibadilisha orodha ya ununuzi. Kama injini ingekuwa imeunguzwa tu, hedi ingesawazishwa uso na kurudishwa. Kwa kuwa ililiwa, ilitafutwa nyingine kutoka gari lililochinjwa, redieta ikabadilishwa kiini chake, na tangu hapo gari linajazwa maji yaliyochujwa chumvi pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Katika miradi ya namna hii wazee huombwa baraka na hadithi, na mara chache huulizwa swali la kiufundi. Ninaona hilo ni hasara, kwa sababu mtu aliyeishi na gari miaka yote ndiye mwenye historia ya ugonjwa wake.

Pesa za kazi ya injini zilitoka kwa shangazi wa Ughaibuni, ambaye alizituma kila alipoombwa bila kusema ni za nini: ni zawadi kwa mpwawe, ni mkopo, au ni mchango wake katika mali ya baba yake. Hakuna aliyemuuliza. Siku injini iliponguruma uani majirani walikuja kutazama, na kabla wiki haijaisha ami mkubwa alikuja kudai haki yake.

Madai yake yaliwashangaza vijana, lakini hayakuwa na ajabu. Yeye ndiye aliyetaka zamani gari liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na hapo hakuna aliyejali kwa kuwa kila mmoja aliliona gari bovu kuwa si mali. Kisheria lilikuwa mali ya warithi tangu mzee alipokata roho. Familia ni ya Kiislamu, na mgawanyo wake unajulikana: mjane mwenye mume aliyeacha watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti. Ukilitia gari hilo katika hesabu bila kuvunja sehemu, linagawanyika mafungu 48: bibi ana 6, kila mwana ana 14 na kila binti ana 7. Mjukuu aliyelala chini ya gari miezi kadhaa, mikono ikiwa na mafuta hadi kwenye viwiko, hakuwa na fungu hata moja, kwa sababu baba yake yu hai na ndiye mrithi.

Hapa ndipo kazi ilipokwama mara ya kwanza. Pesa za mtu mwenye mafungu 7 na jasho la mtu asiye na fungu vilikuwa vimepandisha thamani ya kitu cha watu watano, na yule mwenye mafungu 14 ambaye hakutoa chochote alitaka fungu lake likadiriwe kwa thamani mpya. Ami mdogo aliliita hilo uchoyo. Mimi silioni hivyo. Ami mkubwa hakuombwa ruhusa, hakuambiwa gharama, na kama gari lingeharibiwa zaidi badala ya kutengenezwa hasara ingemgusa yeye pia. Aliyekosea katika hatua hii ni yeyote aliyechukua spana kabla ya kuuliza gari ni la nani.

Mahakama za Kadhi zina nguvu ya kusikiliza masuala ya mirathi chini ya kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Familia ilikwenda huko. Sababu iliyowasukuma hasa ni kwamba kitabu cha gari kilikuwa bado na jina la marehemu, na bila karatasi ya mahakama umiliki haungeweza kuhamishwa. Kabla ya kufika mbele ya hakimu walikuwa wamekwisha kuelewana kwa njia ambayo sheria ya mirathi inaitambua kwa jina la takharuji, yaani mrithi kujitoa katika kitu fulani kwa badali. Mzee alikuwa ameacha pia injini ya boti. Ami mkubwa, ambaye ni mvuvi, aliichukua injini hiyo yote, na akajitoa katika gari. Mafungu yaliyobaki yakawa 34, na ami mkubwa hadi leo ndiye anayesema kwamba yeye ndiye aliyepata kilicho bora, jambo ambalo huenda ni kweli.

Lililo na manufaa zaidi kwa familia nyingine ni karatasi ya pili, ambayo haikuhitaji mahakama. Shangazi wa Mombasa, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua daftari na kuamuru kwamba kila shilingi inayoingia kwenye gari iandikwe kwa mojawapo ya majina matatu: hiba, karadha au sharika. Hiba haidaiwi. Karadha hulipwa ilivyo, bila nyongeza. Sharika huongeza fungu la mtoaji katika gari, na kwa hiyo haipokewi mpaka wenye mafungu wote wakubali. Pesa za awali za shangazi wa Ughaibuni ziliandikwa kuwa karadha kwa ridhaa yake mwenyewe, ingawa alisema kwa simu kwamba anaona aibu kumwandikia mama yake deni. Kazi ya mjukuu iliandikwa pia, kwa siku, si kwa bei, na suala la malipo yake likaachwa hadi gari litembee. Mwanzoni wanaume waliicheka ile daftari, lakini sioni chombo kingine kilichotumika katika mradi mzima kilicholeta faida iliyolingana nayo.

Kukwama kwa pili kulikuwa kwa kiufundi. Injini ilifanya kazi lakini gia hazikuingia, kwa sababu sahani ya klachi ilikuwa imegandana kwa kutu na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Katika saluni nyingi fundi angeshusha giaboksi na kumaliza kazi siku hiyo. Kwa gari hili, ule mrija wa shafti hauruhusu giaboksi kutoka mpaka ekseli yote ya nyuma isogezwe. Gari likainuliwa, likawekwa juu ya stendi, breki za nyuma zikafunguliwa, na ekseli ikashushwa kwa jeki. Springi za upande wa kushoto ziliposhuka, zilishuka na vikombe vyake. Vipande vya bati vilivyotakiwa kubaki juu, vilivyoshonwa kwenye bodi, vilikuwa mkononi mwa mjukuu, vyembamba kama kaki na vyekundu pande zote mbili.

Vikombe hivyo ndivyo vinavyobeba uzito wa nyuma wa gari la watu saba. Ukaguzi ukapanuliwa, na hapo kitukuu wa miaka tisa akapewa kazi ambayo watu wazima huifanya kwa pupa. Alipewa sumaku iliyofungwa kitambaa ili isichubue rangi, akaambiwa aitembeze polepole chini ya milango na kuweka alama ya chaki kila mahali isiposhika. Sumaku haishiki fila, yaani ule ujiuji unaokauka wa kuzibia matundu ya bati. Boriti ya kulia ilishika karibu urefu wote. Ya kushoto ilijaa chaki.

Tofauti hiyo ilikuwa na maelezo yake. Mzee alitoka katika ukoo wa mabaharia, na kila mwaka alipaka chini ya gari mafuta ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazi. Mafuta ya samaki hukauka polepole, hupenya kwenye mishono ya bati na kuzuia unyevu usifike, na kila mahali brashi yake ilipofika bati lilikuwa zima baada ya miaka yote hiyo katika hewa ya bahari. Upande wa kushoto ulikuwa na kiraka cha zamani kilichochomelewa baada ya ajali ndogo, nacho kilifunga matundu ambayo kwayo mafuta yangeingia ndani ya boriti. Maji yaliyovuja kutoka mfereji uliozibwa na majani ya mwembe yaliingia humo na hayakupata pa kutokea.

Sasa maoni yakawa matatu. Ami mdogo alitaka bati nene lichomelewe juu ya kutu, kwa kuwa ndivyo teksi zilivyorekebishwa siku zote. Shangazi wa Ughaibuni alitaka gari lipelekwe gereji kubwa. Fundi wa bodi, mzee wa Majengo aliyewahi kulinyoosha gari hilo hilo, alisema boriti ikatwe yote na iundwe mpya, au kazi aachiwe mtu mwingine. Mjukuu aliyekuwa na ujasiri wote wa kufungua injini hakuthubutu kuchagua, na gari likakaa juu ya stendi msimu mzima wa kusi.

Lililomaliza mjadala ni swali la bibi. Warithi walikuwa wamemteua kuwa mwenye neno la mwisho, zaidi kwa heshima kuliko kwa matarajio kwamba angelitumia. Alimwita fundi na mjukuu barazani, akamwelekea mjukuu:

“Mwanangu, gari hili litabeba watu au litatazamwa?”

“Litabeba watu, bibi. Litakubeba wewe.”

“Basi fundi akisema pakatwe, pakatwe.”

Swali hilo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza. Gari la kutazamwa, kama yale yanayopelekwa Nairobi kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance, lina mahitaji yake ya uasili wa rangi, nembo na vitambaa, na hustahimili udhaifu usioonekana. Gari la kubeba watu lina mahitaji mengine, na orodha ya gharama hujipanga upya mara tu matumizi yanapojulikana: vikombe vya springi, boriti, breki, mikanda ya viti na matairi vinatangulia, na nembo za kromu zinasubiri. Familia hii ilikuwa imekwisha kununua kifuniko cha usukani na taa za nyuma za asili kabla ya kujua kama sakafu itawabeba.

Ukataji wenyewe unastahili kuelezwa, kwa kuwa ndio unaoharibu magari mengi ya aina hii. Bodi ikikatwa boriti bila kushikiliwa, hushuka katikati kwa milimita chache, na milango haitafunga tena hata boriti mpya iwe nzuri kiasi gani. Fundi alichomelea fito za chuma kukingama uwazi wa milango, kutoka nguzo hadi nguzo, kisha akataka vipimo vya kulinganisha kabla na baada. Vifaa vya kisasa vya kupimia havikuwepo. Mume wa shangazi wa Mombasa ni mwashi. Alileta timazi yake, na binti yake akaining'iniza kwenye matundu ya boliti za ekseli ya mbele na ya nyuma, akatia alama sakafuni kila ncha ilipogusa saruji, kisha akapima pande mbili na mishazari miwili kwa futi ya chuma. Pande zililingana. Mishazari ilipishana milimita nne kutokana na ile ajali ya zamani, na fundi akaamua kuiacha hivyo, uamuzi ninaouunga mkono kwa sababu kuivuta bodi ya umri huo kungepasua mishono mizima. Boriti mpya iliundwa kwa bati la milimita 1.2 na vikombe kwa bati la milimita 3, vikachomelewa kwa weldi ya waya, vipande vifupi vifupi kwa kupokezana ili joto lisipinde bati. Mafuta ya sifa yaliyokuwa kinga yakawa kero hapo, kwa maana weldi haishiki juu ya mafuta na moshi wake uliwafukuza majirani. Bati la zamani lilisuguliwa na kufutwa kwa tina, yaani kiyeyushi cha rangi, kila upande kabla ya moto kukaribia.

Rangi ilifanywa kwa haraka kwa ajili ya harusi, ikapigwa katika mvua za masika, ikatoka na ukungu mweupe kwa sababu unyevu ulinaswa ndani yake. Ilisuguliwa na kurudiwa wakati wa kaskazi. Viti vilishonwa upya bila tatizo, na breki zilibadilishiwa mipira na mabomba yote.

Gari sasa linatembea, na yaliyobaki ni ya mezani. Ami mdogo anataka likodishwe kwa maharusi. Shangazi mwalimu amekataa mpaka waulize bima, na kwa hilo yuko sahihi: bima ya gari la binafsi haimfuniki abiria anayelipa, na gari likishakodishwa huingia katika masharti ya magari ya biashara, ukaguzi ukiwemo. Karadha ya shangazi wa Ughaibuni bado haijalipwa, na kuna pendekezo kwamba igeuzwe sharika, jambo ambalo lingempa fungu kubwa kuliko la kaka yake. Siku za kazi za mjukuu zimejumlishwa, na bibi amesema yuko tayari kumpa kwa hiba mafungu yake 6 yote. Kwa kuwa ni hiba ya mtu aliye hai na mwenye akili timamu, haihitaji kibali cha warithi wengine, lakini ami mdogo ameomba iandikwe mbele ya mashahidi, na kikao cha kufanya hivyo kimepangwa baada ya Idi.